Mara Yako ya Kwanza Isecheno: Panga Malipo Kabla Hujaingia Msituni

Kosa langu la kwanza nilifanya nikiwa bado kitandani, wiki moja kabla ya safari. Tulikuwa watano, tumemaliza chuo juzi tu, na tulikuwa tumeamua kwenda kuuona msitu wa Kakamega. Nikafungua simu, nikatafuta hifadhi ya Kakamega, nikalipia kiingilio cha wote. Siku ya safari tukashuka Khayega, tukachukua boda kupitia Shinyalu hadi Isecheno, na pale nikatoa risiti yangu kwa madaha. Mhudumu akaisoma, akatabasamu. "Dada, hii ni ya Buyangu."

Wageni wengi hawajui kwamba msitu ni mmoja lakini wenyeji wake rasmi ni wawili. Upande wa kaskazini, Buyangu, unasimamiwa na KWS, wale wa wanyamapori, na unaingilia kutoka barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya KFS, wale wa misitu. Tiketi ya upande mmoja haikufungulii mwingine. Kwa hivyo kabla hujabonyeza "lipa", soma jina la shirika na jina la lango. Tulilipa mara ya pili, na chakula cha mchana siku hiyo kikawa mandazi.

Ada ya serikali haiendi kwa mtu

Malipo ya huduma za serikali siku hizi hupitia eCitizen, na Paybill yake ni 222222. Namba ya akaunti unaipata kwenye ankara yako. Kama mtu amekupigia au kukutumia ujumbe akisema yeye ndiye "ofisi ya msitu" na anataka kiingilio kitumwe kwa namba yake binafsi, usitume. Hata akikwambia kuna punguzo. Hasa akikwambia kuna punguzo.

Mwongozaji ni habari nyingine. Pesa yake haimo ndani ya kiingilio, na kwa kawaida utamlipa moja kwa moja kwenye simu yake au kwa till ya kikundi chao. Hapo mambo mawili: patana bei kabla ya kutembea, na uulize kama ni ya kila mtu au ya kundi zima. Mkielewana, mwombe namba, uiandike, halafu unapotuma subiri jina litokee kwenye skrini. Msomee kwa sauti. Akisema "ndiyo, ni mimi", ndipo ukamilishe malipo.

Na tafadhali, chukua mwongozaji. Huu msitu wenyewe ni kama kisiwa: ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua iliyotandaa kutoka Kongo, na sasa umezungukwa na mashamba ya mahindi, miwa na chai. Kuna zaidi ya aina 300 za ndege humo. Ukiingia peke yako utasikia kelele tu juu ya miti. Ukiwa na mwenyeji, kelele ile inageuka kuwa hondohondo, ile nyingine ni shorobo mkubwa wa buluu, na kile kivuli cheusi chenye mkia mweupe ni mbega. Wetu alituambia hata majina ya miti kwa Kiluhya na mti upi bibi yake alichemshia gome. Ukimsalimia kwa "mulembe" siku yako itaanza vizuri zaidi.

Pesa inapokwama chini ya miti

Hapa ndipo nilifanya kosa la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tulipomaliza matembezi tulikuwa bado ndani, chini ya miti mikubwa. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea. Nikatuma pesa ya mwongozaji, hakuna ujumbe uliokuja, kwake wala kwangu. Tukasubiri kama dakika kumi. Niliona aibu, mtu ametutembeza tangu alfajiri halafu anaanza kuniangalia kama mjanja wa Nairobi. Nikatuma tena. Kimya tena. Tukaachana kwa ahadi.

Tulipofika Shinyalu simu yangu ikalia mara mbili mfululizo. Zote mbili zilikuwa zimepita, na salio langu la kurudi nyumbani lilikuwa limekwisha.

Nilimpigia. Alikuwa ameshaona. Alinirudishia ile ya pili jioni hiyo hiyo, akakata gharama ya kutuma, ambayo ilikuwa haki yake. Lakini angeweza kuzima simu, na mimi ningelala Shinyalu nikitafuta wa kuniokoa.

Sasa nafanya hivi. Ujumbe usipokuja, situmi tena. Kwanza naangalia salio au taarifa fupi ya akaunti, maana ujumbe unaweza kuchelewa huku pesa imeshaondoka. Situmii programu ya simu nikiwa msituni. Kwa M-PESA napiga *334#, ambayo haihitaji bando, inahitaji tu mtandao wa kawaida wa simu. Na bora kuliko vyote, nalipa tukiwa bado kwenye stesheni, au tunatembea hadi mahali penye mtandao kabla ya kuagana. Ukituma kwa namba isiyo yake, peleka ule ujumbe wa M-PESA kwa 456 mara moja, kabla hata ya kumpigia aliyepokea.

Mwongozaji naye ana hofu yake. Wapo wageni wanaomwonyesha ujumbe kwenye simu yao na kuondoka, kumbe ujumbe ni wa kuandika tu. Kwa hivyo akisema anataka kuangalia salio lake kwanza, usikasirike. Hiyo ndiyo pesa ya unga ya siku hiyo. Mngoje.

Ukitaka kuona jua likichomoza juu ya kilima cha Lirhanda, utaondoka kukiwa giza, na saa hizo hakuna wakala aliyefungua. Malizana na mambo ya pesa jioni ya kuamkia safari. Chaji simu hadi ijae, beba pawabanki, na ubaki na noti ndogo kiasi mfukoni, za mia na za hamsini, kwa boda na kwa mama wa chai. Pale mlimani simu itatumika kupiga picha tu, na asilimia 20 inaisha haraka kuliko unavyofikiri.

Mengine ni madogo. Mvua hapa inanyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi mchana au jioni, kwa hivyo tembea asubuhi na ufunge simu kwenye mfuko usioingiza maji. Desemba hadi Februari huwa na afueni. Viatu viwe vya kufunika vidole, kuna siafu. Suruali ndefu pia.

Sisi tulirudi tena mwaka uliofuata, wanne safari hii. Namba ya mwongozaji bado nilikuwa nayo, jina lake likatokea kwenye skrini, na nikalipa mbele ya ofisi kabla hatujapiga hatua. Akacheka. "Leo umeamua kunilipa mara moja tu?"