SOMO: MBWA WA GHALA ANAPOANZA KUKOJOA NDANI

Mbwa alindaye ghala la chama hulinda jasho la wanachama. Mbwa aliyezoezwa vyema hakojoi mahali alalapo, bali hungoja afunguliwe mlango. Basi aanzapo kulowesha sakafu, jambo hilo lisihesabiwe kuwa ukaidi. Hiyo ni dalili, na dalili hutafutiwa chanzo.

Hasara yake si ndogo. Mahindi yaliyolowa huota ukungu, na ukungu waweza kuzaa sumukuvu. Kahawa nayo huvuta harufu mbaya na kupoteza daraja. Zaidi ya hayo, mkojo wa mbwa mgonjwa, kama ule wa panya, waweza kubeba vijidudu vya homa ya mgunda, ugonjwa uliotangazwa mkoani Lindi mwaka 2022.

Kipigo si dawa

Mbwa apigwaye saa kadhaa baada ya tendo haelewi sababu ya adhabu. Hujifunza kumwogopa mtu tu, na woga wenyewe humfanya akojoe. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili.

Mambo ya kuchunguza

1. Ratiba. Mbwa mzima yafaa atolewe nje mara tatu au nne kwa siku. Kwa mfano, mtunza ghala mpya akifunga mlango saa 12 jioni na kuufungua saa 3 asubuhi, mbwa hukaa ndani saa 15. Hapo mwenye kosa ni ratiba, wala si mbwa.

2. Maji. Yapimwe kabla ya kumwekea, na yabakiayo yapimwe kesho yake. Mbwa wa kilo 20 hunywa kiasi cha lita 1 kwa siku. Akizidi lita 2, huenda ana kisukari, maradhi ya figo au maradhi mengine. Asinyimwe maji kamwe, kwani mwenye figo mbovu aweza kufa.

3. Namna akojoavyo. Akikojoa kidogo kidogo kwa maumivu au kwa damu, yawezekana kibofu kina maambukizo au vijiwe. Akijikamua bila kutoa chochote, apelekwe kwa mganga wa mifugo siku hiyo hiyo. Mkojo ukimvuja usingizini, hasa kwa jike aliyeondolewa kizazi au mbwa mzee, kuna dawa za kumsaidia. Dume ainuaye mguu na kurushia magunia matone machache huweka alama ya mpaka wake. Mara nyingi kuhasiwa humpunguzia tabia hiyo.

4. Tabia. Akitokwa na udenda, akishindwa kumeza, au akibadilika ghafla na kuwa mkali, asiguswe. Afungiwe, na Bwana Mifugo aarifiwe mara moja, kwani huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia.

Usafi wa ghala

Msafishaji avae glavu na viatu vya mpira. Sakafu ioshwe kwa maji na sabuni, kisha ikaushwe kabisa. Dawa zenye amonia zisitumike, maana harufu yake hufanana na ya mkojo, na mbwa hurudi pale pale. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na kuta. Yaliyolowa yatengwe na kuandikwa katika kitabu cha ghala siku ile ile, ili mwanachama asije akadaiwa upungufu asioufanya.

Wajibu wa Kamati

Kamati itenge fedha za chanjo ya kila mwaka, chakula na matibabu ya mbwa. Isiamue kumwua kabla ya kupata taarifa ya mganga.

Maswali ya majadiliano

1. Mbwa wa chama chenu hufunguliwa saa ngapi, na ni nani mwenye jukumu hilo?
2. Alichanjwa lini mara ya mwisho?
3. Magunia yakilowa leo, yataandikwa wapi, na nani atatia sahihi?