Gemu Nyumbani: Ni Nani Ameachwa Nje?



Zamani, wake wa huku kwetu Kericho na Bomet walipoketi pamoja na kufunguliana mioyo kuhusu waume zao, yaliyotajwa kwanza yalikuwa mambo mawili: pombe, na fedha za majani chai zilizopotelea njiani kabla ya kufika nyumbani. Siku hizi kuna la tatu, nalo hutajwa kwa sauti ya chini kwa sababu mwenye kulitaja huogopa kuchekwa. "Mzee wangu anacheza gemu." Mume naye akiulizwa ana jibu tayari. Hanywi. Hazururi usiku. Yuko nyumbani, ameketi kitini pake, simu mkononi. Kosa lake liko wapi?

Swali hilo ni halali, na katika somo letu la leo tusilirukie kwa hasira. Wako wanaosema kwamba gemu ni utoto mtupu na kwamba baba mwenye watoto wanne hana ruhusa ya kuigusa. Mimi sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini. Wako pia wanaosema kwamba madhali mume yuko nyumbani, mke anyamaze. Hao sikubaliani nao hata zaidi.

Mchezo si wa watoto peke yao

Hakuna kizazi cha watu wazima ambacho hakikucheza. Wazee wetu Wakipsigis walikuwa na kechuiek, ule mchezo wa kuhamisha kokoto kutoka shimo hadi shimo, ambao jirani zetu Wajaluo huuita ajua na watu wa pwani huuita bao. Ukipita leo katika senta yoyote wakati wa mchana utakuta wanaume wenye mvi wameinamia ubao wa drafti, wakicheza kwa vifuniko vya soda, na watazamaji wanaojua zaidi kuliko wachezaji. Sisi tuliokuwa vijana mwaka 2000 tuliing'ang'ania ile gemu ya nyoka katika simu za Nokia, watu wanne kwa simu moja. Kilichobadilika ni chombo. Leo ni kandanda ya kwenye skrini, ambayo watu bado huiita FIFA ingawa waliyoitengeneza waliibadilisha jina mwaka 2023; ni ludo ya simu, ni mbio za magari, ni zile peremende za kupanga rangi kwa rangi ambazo akina mama wengi huzicheza wakiamini kwamba hazihesabiwi kuwa gemu. Zinahesabiwa.

Mtu aliyechuma majani chai tangu alfajiri, au aliyekesha kiwandani kwa zamu ya usiku akilinda mashine za kusaga majani, hurudi nyumbani na akili iliyokauka. Mwili unaweza kulala, lakini kichwa bado kinazungusha deni la karo. Gemu humpa kichwa hicho kazi ndogo yenye mwisho. Shambani unatia mbolea leo kisha unangoja miezi mingi upate bonasi, wala hujui itakuwa shilingi ngapi kwa kilo. Katika gemu ukitoa pasi nzuri unaona bao papo hapo. Si jambo dogo kwa mtu ambaye siku nzima hakuona matunda ya jasho lake.

Kanisa halikuona haya kulisema hili. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba pumziko lake ni furaha na mchezo wa kiasi. Alikumbusha hadithi ya kale ya Mtakatifu Yohane Mwinjili, ambaye watu walikwazika kumwona akicheza na wanafunzi wake. Naye akawaonyesha kwamba upinde unaovutwa bila kulegezwa hatimaye huvunjika. Thomas huyo huyo alimhesabia kosa mtu asiyechangamka kamwe na anayewaharibia wenzake furaha yao. Baba anayeingia nyumbani kila jioni kama askari wa zamu na asome hapo.

Faida ya kukaa upande mmoja

Lakini faida kubwa zaidi ya mchezo si ile ya mtu mmoja kupumzisha kichwa. Tazameni mazungumzo ya ndoa nyingi zilizofikisha miaka 10 au 15. Ni karo, ni ng'ombe ameacha maziwa, ni gari la majani limechelewa kituoni, ni mama mkwe mgonjwa. Yote ni ya lazima, na yote ni mzigo. Mume na mke huketi wakitazamana kama watu wa mashauri. Wakiketi upande mmoja wakitazama skrini moja, hata kwa dakika 20, kitu fulani hulegea. Mume ambaye hawezi kukubali kushindwa katika hoja ya kuuza kipande cha shamba anaweza kufungwa mabao manne kwa bila na mkewe, na wote wawili wakacheka, na heshima yake isipungue. Kwa watu waliolelewa katika desturi ambazo mwanamume hapaswi kuonekana ameshindwa na mwanamke, zoezi hilo ni jema kwa nafsi.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, katika jimbo la Utah nchini Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu jozi 349 za wanandoa ambao mmoja wao au wote wawili walicheza gemu za intaneti, zile zinazochezwa na watu wengi kwa pamoja. Pale ambapo wote wawili walicheza, asilimia 76 walisema kwamba mchezo umeisaidia ndoa yao. Pale ambapo mmoja tu alicheza, asilimia 75 ya wenzi walioachwa pembeni walitamani mchezaji aweke juhudi kidogo katika gemu na nyingi zaidi katika ndoa. Tena jambo linalostahili kusomwa mara mbili: watafiti hao walieleza kwamba kilichoiumiza ndoa hasa si wingi wa saa. Ni ugomvi uliozuka juu ya mchezo, na ni mume na mke kutokwenda kulala kwa wakati mmoja.

Basi acheni kuhesabu saa peke yake. Ulizeni ni nani ameachwa nje.

Kitanda cha mtu mmoja

Zile dakika chache gizani kabla ya usingizi ni bunge la nyumba. Hapo ndipo mke husema kwamba kikohozi cha mtoto hakimpendezi. Hapo ndipo mume hukiri kwamba mkopo wa chama umemlemea. Hapo watu huombana msamaha bila kutazamana usoni, jambo ambalo ni rahisi zaidi. Baba akibaki sebuleni hadi saa saba za usiku, bunge hilo halikutani. Papa Fransisko alilitaja jambo hili hili katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aya ya 278, alipowakumbuka wenzi wanaopitiwa na usingizi wakimngoja aliyezama kwa saa nyingi katika chombo cha kielektroniki. Na hapo hapo hakukilaani chombo; alikubali kwamba chaweza pia kuwaunganisha jamaa walio mbalimbali.

Kuna lingine ambalo waume hawapendi kulisikia. Mume hupata saa moja ya kucheza kwa sababu gani? Mara nyingi ni kwa sababu mkewe hana hata nusu saa. Wote wawili wametoka shambani. Mmoja ameketi; mwingine anakamua, anawasha moto, anasonga ugali, anaosha vyombo, anatazama kazi ya shule ya watoto. Gemu haikuleta udhalimu huo, bali imeuonyesha tu. Mke anaposema "unacheza sana", mara nyingi maana yake ni "mimi sichezi kamwe". Kwa hiyo, Baba Watoto, kama unataka mchezo wako usinung'unikiwe, kaushe vyombo kwanza. Najua mila zetu zilimweka mwanamume mbali na jiko. Mila hizo hizo hazikumjua PlayStation.

Nawe Mama Watoto, neno moja kwako. Mechi inayochezwa na mtu mwingine kwa njia ya intaneti haiwezi kusimamishwa katikati. Ukizima umeme umemwaibisha mumeo mbele ya wenzake, nawe unajua jinsi aibu inavyorudi. Mngoje amalize hiyo moja. Baba, moja ni moja. Tena Mama, siku moja kiombe hicho kidude cha kuchezea na useme, "Nifundishe." Wengi hawajawahi kujaribu. Kama haikupendezi, chagueni nyingine. Ludo haihitaji ujuzi, na ina bahati ya kutosha kumnyenyekeza fundi yeyote.

Familia zenye mzazi aliye kazini Nairobi, Mombasa au huko Ghuba zina sababu zaidi. Simu ya kila jioni huishiwa maneno upesi: mmekula, watoto wamelala, pesa imefika. Ludo ya simu inaweza kuchezwa na mume aliye Doha na mke aliye Sotik kwa bando dogo, na wakicheza, maneno hujitokeza yenyewe kati ya zamu na zamu. Sisemi kwamba ni sawa na kuwa pamoja. Nasema ni bora kuliko kimya.

Watoto pia

Mtoto wa kiume akishatoka jandoni, baba wengi wa huku hujiweka mbali naye kwa heshima, na heshima hiyo mara nyingine hugeuka kuwa ububu. Likizo ya mwisho wa mwaka inaisha hawajasemezana zaidi ya kuagizana. Kijana akimfundisha baba yake kupiga kona kwa vidole, wanapata lugha. Ni mahali pa pekee ambapo mtoto ni mwalimu na hakuna anayevunjiwa adabu.

Kuhusu mabinti, wachunguzi wa chuo kile kile cha Utah walitazama familia 287 zenye watoto wa miaka 11 hadi 16, wakatoa matokeo mwaka 2011. Wasichana waliocheza gemu pamoja na wazazi wao walikuwa na tabia njema zaidi, afya bora ya moyo, na ukaribu zaidi na nyumbani. Lakini ilikuwa ni pale gemu zilipofaa umri wao. Kwa wavulana tofauti hiyo haikuonekana, pengine kwa sababu wao hucheza muda mwingi zaidi na wenzao, hata dakika za mzazi zikamezwa. Basi msimwache binti akiosha vikombe huku kaka yake ameshika kidude.

Juu ya umri: tazameni namba iliyo kwenye jalada. Grand Theft Auto, ile ya kuiba magari na kuua watu, imewekewa alama ya 18. Si ya mtoto wa darasa la sita, hata kama ukumbi wa gemu wa senta unamruhusu.

Jina moja, vitu viwili

Kuna kitu kinachojificha chini ya neno "gemu" nacho si gemu. Kile kindege kiitwacho Aviator, kinachopanda huku namba ikipanda nacho kisha kikatoweka na fedha za aliyechelewa kuzitoa, ni kamari. Ndani ya mchezo wa kweli ukishindwa umepoteza mechi. Ndani ya ule umepoteza karo. Mke akiambiwa "nacheza gemu tu", ana haki ya kuuliza ni ipi, na ana haki ya kuonyeshwa. Majuma yanayofuata malipo ya bonasi ndiyo ya kuuliza zaidi.

Na kuna walioteleza hata bila kamari. Shirika la Afya Duniani liliutambua ulevi wa gemu kuwa ugonjwa mwaka 2019, katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuuweka mchezo mbele ya kila jambo, na kuendelea ingawa anaona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi, hata kazi au jamaa yake ikaharibika. Mtu wa namna hiyo hafai kufokewa mbele ya watoto. Apelekwe kwa mshauri au hospitali, na mwenzi wake afuatane naye. Lakini wasomaji wengi wa ukurasa huu hawajafika huko. Wao wamesahau tu kumkaribisha mwenzao kitini.

Kwa mazungumzo ya nyumbani, simu zikiwa chini: Juma lililopita tulicheka pamoja mara ngapi, na kwa ajili ya nini? Kati yetu, ni nani hulala kwanza, na mwingine huwa anafanya nini wakati huo? Mchezo gani tuliupenda kabla ya kuoana, na tuliuacha lini? Nami nikiinua macho sasa hivi, ni kazi gani ninayoiona mwenzangu akiifanya peke yake?