STEMPU KUUKUU: INA THAMANI AU HAINA?



Ukifungua sanduku la barua za zamani, utakuta stempu juu ya kila bahasha. Siku hizi watu wanapiga simu, barua zimekuwa chache. Basi wako wanaopita vijijini wakiuliza, "Mama, huna stempu za zamani?" Mmoja atataka kuzinunua zote kwa bei ya karanga. Mwingine atakuja kukuuzia, ati stempu moja ya Mfalme ni sawa na ng'ombe. Usimjibu yeyote kabla hujaitazama mwenyewe.

Kwanza, uzee peke yake si thamani. Stempu ya kwanza duniani ilitolewa Uingereza mwaka 1840. Ni nyeusi, ina kichwa cha Malkia Victoria. Zilichapwa kama milioni 68, na nyingi zimebaki mpaka leo. Stempu nyekundu iliyoifuata mwaka 1841 ilichapwa kwa mabilioni, na yenye kasoro huuzwa kwa fedha kidogo tu.

Lakini iko stempu ya senti moja ya British Guiana, ya mwaka 1856. Pembe zake zimekatwa na sura yake haipendezi. Mwaka 2014 iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 9! Sababu ni kwamba inajulikana moja tu duniani. Stempu ya namna hiyo husamehewa ubovu wake. Yako na yangu ni za kawaida, nazo hazisamehewi.

Za kawaida kwetu ni zipi? Ni kama zile za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye kichwa cha Mfalme George wa Sita, zilizoanza mwaka 1938. Nyingine ni za Tanzania zenye picha za samaki za mwaka 1967, na za vipepeo za mwaka 1973. Zile za senti chache zilibandikwa kwenye barua nyingi mno. Iliyotumika, hata ikiwa safi, bei yake ni ndogo, na wauzaji huziuza kwa mafungu.

Haya, ichukue moja uitazame. Anza na meno ya pembeni. Yahesabu kila upande. Jino likikatika, thamani imeshuka. Tazama rangi. Stempu iliyokaa juani hupauka. Igeuze, uielekeze kwenye mwanga. Ukiona mahali panapong'aa kuliko pengine, hapo karatasi imebanduka ikawa nyembamba. Mkunjo nao huonekana hivyo hivyo. Kasoro hizi haziponi, hata ukipiga pasi.

Sasa tazama muhuri wa posta. Hapa wengi wanakosea. Wanadhani muhuri ni uchafu. Muhuri mzito uliofunika picha yote kweli unaharibu. Lakini muhuri safi, unaosomeka jina la posta na tarehe, unaweza kuipa thamani stempu ambayo peke yake si kitu. Posta ikiwa ndogo, ya mahali palipopeleka barua chache, wakusanyaji wanaitafuta. Alama ya kalamu ni jambo jingine. Stempu za bei kubwa za wakati wa Mfalme, kama ile ya pauni moja, zilibandikwa pia kwenye hati za serikali kulipia ushuru. Zilizofutwa kwa kalamu namna hiyo ni rahisi sana kuliko zilizopita posta.

Kwa hiyo usibandue stempu kwa kucha! Bahasha nzima yenye muhuri mzuri iache nzima. Ukiibandua, umekata jina la posta katikati, na hakuna atakayejua barua ilikwenda wapi. Kama bahasha imeraruka na muhuri hausomeki, kata karatasi kuizunguka stempu, uiloweke katika maji ya vuguvugu mpaka iachie yenyewe. Ianike katikati ya karatasi safi, chini ya kitabu. Karatasi ya rangi usiichanganye na nyingine, rangi itachuja.

ZOEZI: Una stempu mbili za kipepeo za mwaka 1973, za bei moja. Ya kwanza ina meno yote, imebanduliwa, muhuri wake ni doa jeusi. Ya pili imepungukiwa jino moja, lakini iko juu ya bahasha yake na muhuri wa posta ndogo unasomeka wote. Mnunuzi anataka moja tu. Ungemwuzia ipi, na ungebaki na ipi? Andika sababu zako mbili.