Mtumba wa Mawimbini Katika Mashamba ya Chai

Makala haya yanachunguza vazi lisilotarajiwa katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, yaani kaptula ya wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Bahari iko mbali mno, lakini kaptula za aina hiyo hufika humo ndani ya marobota ya nguo kuukuu tuziitazo mitumba. Ikumbukwe kwamba mtumba, kwa asili, ni robota lenyewe; maana imehama kutoka kwa kifungio hadi kwa kilichofungwa.

Mchumaji chai huingia shambani majani yangali na umande, na Kericho hunyesha karibu mwaka mzima. Aproni ya plastiki humkinga upande wa mbele, ila mikono hulowa. Nguo ya pamba ikishalowa huchelewa kukauka, na mshono wake humchubua. Tatizo la namna hiyo liliwakabili pia wachezaji wa Hawaii. Katika miaka ya 1950, duka la ushonaji la M. Nii, huko Waianae, liliwashonea kaptula imara. Aliyewafaa, basi, alikuwa fundi cherehani wa mtaani, jambo ambalo wanamitindo wetu hulisahau upesi.

Hapa ndipo ubunifu endelevu unapostahili kuanzia. Kuchapa picha ya wimbi kwenye fulana mpya si ubunifu. Fundi wa Kericho anaweza kufumua kaptula kuukuu, akachunguza jinsi mshono ulivyolazwa bapa, kisha akaunga vipande vikaukavyo upesi kuwa mikono ya kuvaliwa juu ya shati.

Hata hivyo, kuna pingamizi. Aghalabu kaptula hizo ni za poliesta, nayo ni plastiki. Kila ifuliwapo hutoa nyuzi ndogo mno. Mto Kipsonoi, upitao Bomet, huchangia Mto Sondu uingiao Ziwa Viktoria, na maji ya ziwa hilo hufuata Naili hadi Bahari ya Mediterania. Kiraka hurefusha maisha ya nguo lakini hakizuii nyuzi. Kwa maoni yangu, poliesta ibaki kwenye tabaka la nje linalopanguswa, isiwe shati lifuliwalo kila jioni.

Linabaki swali la wanaisimu: vazi hilo tuliiteje, ilhali si mtumba tena wala si nguo mpya?