Kabla hujaagiza kamera za kuchungulia injini, soma hapa kwanza

Wengi mmeniuliza inbox kuhusu zile kamera ndogo za waya, zenye kichwa kama peni na taa mbele, ambazo mafundi wanaingiza kwenye tundu la plagi ili waone ndani ya silinda bila kufungua injini. Bei ya jumla ni ndogo na mafundi wanaziulizia. Ila ukiagiza kwa kuangalia picha tu, utalia. Mimi nililia, ngoja niwape hesabu yangu.

Mzigo wangu wa kwanza nilichukua kamera 10 kwa 18,000 kila moja, jumla 180,000. Niliuza zote kwa 35,000, nikashika 350,000. Nikajiona bosi, faida 170,000 ndani ya wiki mbili! Halafu zikaanza kurudi. Wateja wawili simu zao hazikuisoma kamera. Mmoja alisema picha ina ukungu. Wa nne alikuwa fundi, huyo nitamwelezea. Nikarudisha 140,000, na boda ya kuzifuata 20,000. Ikabaki faida ya 10,000.

Sasa yule fundi. Kwenye posti yangu niliandika "HD, inaingia kwenye mafuta, haiharibiki". Maneno hayo niliyakopi kwa muuzaji wa jumla bila kuelewa. Fundi akafunga kile kioo kidogo cha pembeni kwenye kichwa cha kamera, akaingiza kwenye silinda ya gari la mteja wake ambalo ndiyo kwanza limezimwa. Wakati wa kutoa, kioo kikachomoka kikabaki juu ya pistoni. Sumaku haikukishika. Ikabidi wafungue silinda hedi, na mwenye gari anaitegemea hiyo gari kwa hela ya kila siku. Fundi alinipigia akasema, "Mdogo wangu, wewe uliniambia haiharibiki." Sikuwa na jibu. Nilichangia 60,000. Kwa hiyo mzigo wote ukanipa hasara ya 50,000.

Kuanzia hapo nikaanza kukaa na mafundi na kuuliza. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. UNENE WA KICHWA
Injini nyingi za petroli tundu la plagi lina uzi wa milimita 14. Baadhi ya injini mpya zina 12 au hata 10. Kamera ya milimita 8 inaingia kwenye 14, lakini haina nafasi ya kugeuka, na ukiongeza kioo inabana. Ndiyo maana mafundi wanapenda 5.5. Kwa dizeli wanapitia tundu la noseli au la plagi ya kupashia joto, na mengine ni membamba zaidi. Usibahatishe, mwambie mteja apime tundu kwanza.

2. UREFU WA WAYA
Wengi tunadhani mrefu ndiyo bora. Kwa injini, mita 1 hadi 2 inatosha kabisa. Zile za mita 5 na 10 ni za mabomba na mifereji. Tena waya wa USB ukizidi mita 5 mawasiliano yanaanza kusumbua, picha inakatika. Usilipe hela ya urefu ambao fundi atauzungusha shingoni.

3. WAYA LAINI AU MGUMU
Waya laini ukiuingiza kwenye silinda unaning'inia tu kama kamba, fundi hawezi kuuelekeza. Chukua ule mgumu kiasi, ukiukunja unabaki ulivyoukunja. Kwenye tangazo la jumla zinafanana kabisa na bei ni karibu sawa, kwa hiyo uliza.

4. LENZI MOJA AU MBILI
Lenzi ya mbele inaona kichwa cha pistoni: masizi, alama za kugongwa, au sehemu iliyosafishika kwa maji yanayovuja kutoka kwenye gasketi. Lakini mikwaruzo ya ukuta wa silinda inaonekana vizuri kwa lenzi ya pembeni. Kamera ya lenzi mbili unabonyeza kitufe tu, inahama, na huhitaji kile kioo cha kufunga. Kwangu mimi hiyo sababu peke yake inatosha. Ila angalia unene, nyingi za lenzi mbili zinakaribia milimita 8.
Na usimuahidi fundi kwamba ataona valvu zote. Valvu ziko juu, nyuma ya kamera ikishaingia. Kuziona vizuri kunahitaji kamera ya kichwa kinachojipinda, na hiyo bei yake ni nyingine.

5. HIYO "HD"
Kamera nyingi za bei ya chini picha yake halisi ni 640 kwa 480. HD ya kweli inaanzia 1280 kwa 720. Usiamini stika ya boksi. Jambo kubwa zaidi ni umbali wa kuona vizuri. Nyingi zinaona safi kati ya sentimita 3 na 8 hivi, ukisogea zaidi au ukiikaribia sana inafifia. Yule mteja wangu wa "ukungu" alikuwa anaitumia kuangalia ukuta wa chumba. Kamera haikuwa mbovu, mimi ndiye sikumweleza.

6. MAJI, MAFUTA NA JOTO
IP67 maana yake vumbi haliingii, na ikizama kwenye maji mita 1 kwa dakika 30 itavumilia. Maji, sio petroli wala oili. Na nyingi mwisho wake ni nyuzi joto 60 au 70, wakati injini iliyotoka kutembea maji yake yanafika kama 90. Mwambie mteja asubiri injini ipoe. Sentensi moja hiyo ingeniokolea kamera.

7. SIMU YA MTEJA
Hapa ndipo pesa nyingi zinarudi. Kamera za USB zinataka simu ya Android yenye OTG, na programu ya kamera za nje kutoka Play Store. Baadhi ya simu, kama OPPO na vivo, OTG inazimwa kwenye mipangilio, mteja anadhani kamera imekufa kumbe hajaiwasha. Uliza pia tundu lake la chaji, Type-C au lile la zamani. Mteja wa iPhone usimuuzie ya USB mpaka mmeijaribu kwenye simu yake. Mpe ya Wi-Fi au yenye kioo chake. Kwa fundi wa gereji mimi sasa napendekeza yenye kioo chake. Ni ghali zaidi, lakini mikono yake ina grisi na simu inapigwa kila dakika.

JINSI YA KUPIMA MZIGO UKIFIKA
Jaribu kila moja, usichague moja kwa niaba ya wenzake. Soma maandishi madogo ya chaja kwa umbali wa sentimita 5. Washa taa dakika 10 uone kama picha inakatika au kichwa kinachemka sana. Pinda waya taratibu karibu na kichwa, picha isipotee. Mbovu rudisha siku hiyo hiyo.

TANGAZO LANGU LA SASA
"Kamera ya kuchungulia injini. Unene 5.5mm, waya mgumu kiasi mita 2. Inaona vizuri sentimita 3 hadi 8. Android yenye OTG tu. Tumia injini ikiwa imepoa. Usifunge kioo, ndoano wala sumaku ukiingia kwenye silinda. Tunaijaribu kwenye simu yako kabla hujalipa."

Tangazo hili linapunguza wateja, sikudanganyi. Wapo wanaosoma wanapita. Lakini tangu nianze kuliandika hivyo, anayenunua anabaki nayo, na fundi mmoja ananiletea mwenzake. Yule fundi wa kioo? Bado ni mteja wangu. Siku nyingine akiniuliza kitu nisichokijua, namwambia, "Kaka, hilo silijui, ngoja niulize."

Anza na 3, sio 10. Zikiisha bila kurudi, ongeza. Kila la heri.