Mwalimu Aliyeanza kwa Kuuliza

Kazi ya kuwaamsha wanyonge huanza wapi? Na tutazame kisiwa cha Johns Island, katika jimbo la South Carolina, Marekani. Zamani sheria ya huko ilidai mtu aweze kusoma sehemu ya katiba ndipo aandikwe katika daftari la wapiga kura. Hivyo watu weusi wengi, maskini wasiosoma, walikosa sauti. Esau Jenkins, aliyewachukua kwa basi lake kwenda kazini Charleston, alianza kuwafundisha safarini. Kisha, Januari 1957, ikafunguliwa shule ya jioni nyuma ya duka la ushirika. Mwalimu wake, Bernice Robinson, alikuwa msusi, wala hakusomea ualimu. Aliwauliza kwanza wanafunzi wake 14 wanataka kujua nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma Biblia, na kujaza hati za kupelekea fedha. Basi akaanza na hayo, na wengi wao wakaandikwa daftarini. Shule za namna hiyo zikaenea. Na mwaka 1965 sheria ya Marekani ikauzuia mtihani ule. Nasi tufundishao, tujiulize: je, tumewauliza watu haja yao, au twawapelekea yetu tu?