Somo la Michezo: Nani Ameongeza Upepo?

Vijana wetu, ugomvi huu mnaujua. Mpira umejazwa asubuhi, umeachwa kwenye jua la Isiolo mpaka saa nane, na mechi ikianza unadunda kupita kiasi. Kipa anapiga kelele: "Hawa wameongeza upepo!" Pahali ambapo timu moja ni ya kabila hili na nyingine ya lile, neno kama hilo si la mchezo tena.

Kabla ya kulaumu mtu, tuangalie hewa yenyewe. Hewa iliyofungiwa ikipata joto husukuma zaidi, ikipoa husukuma kidogo. Haijaongezwa wala kupunguzwa. Tuseme mpira ulijazwa alfajiri, joto digrii 18, geji ikasoma paundi 14. Ukikaa juani mpaka hewa ya ndani ifike digrii 48, geji itapita 16. Sheria ya soka inakubali paundi 8.5 hadi 15.6 kwa inchi ya mraba. Basi mpira uliokuwa halali sasa si halali, na hakuna aliyeugusa!

Hata Marekani walikosana, ila kwao ilikuwa baridi. Januari 2015 timu ya New England Patriots, katika ule mpira wao wa kushika mkononi, ilishtakiwa kulegeza mipira ilipocheza na Indianapolis Colts. Kule kila timu hushambulia kwa mipira yake yenyewe. Ilipimwa ndani ya nyumba, ikatolewa nje kwenye baridi, na hapo lazima ishuke kidogo. Wataalamu walibishana sana kama baridi peke yake ilitosha. Tom Brady alifungiwa mechi 4, akazikosa mwaka 2016.

Soka ni rahisi zaidi, maana mpira ni mmoja na wote wanaupiga. Mwenye kuukagua ni refa, na haubadilishwi bila ruhusa yake. Kwa hivyo msiujaze asubuhi. Ujazeni kivulini karibu na saa ya mechi, makapteni wote wawili wakiangalia geji. Kama geji hakuna, kila mmoja aubonyeze kwa kidole gumba, auangushe chini mara moja, aseme mbele ya mwenzake kama amekubali. Mpira wa akiba ukae kivuli hicho hicho. Ukiharibika mchezo ukiendelea, refa anasimamisha, analeta mwingine, anaudondosha, mnaendelea.